Matokeo ya Fatu Ndani ya Modemu

Newala, Alhamisi, 12 Februari 2004

Mzigo umefika! Abiria wamelisukuma basi topeni tangu njia ya Masasi, lakini umefika. Binamu Isaka, anayefanya kazi kafe ya intaneti huko Dar, kanitumia modemu, kile kisanduku kinachopokea intaneti kwa waya wa televisheni. Adapta yake ya umeme iliungua, tajiri wake akataka kuitupa. Kutupa! Watu wa Dar hawana uchungu na kitu.

Newala hatuna waya wa televisheni wala intaneti. Haidhuru. Fundi redio hakosi cha kufanya.

Mama Fatu, mwenye kibanda ninachofanyia kazi, kapita tena kuulizia redio yake. Niliifungua tangu Ramadhani. Kasema Lukmani anakitaka kibanda. Lukmani! Fundi wa pasi na feni!

Ijumaa, 13 Februari

Mama Fatu hali chakula. Matokeo ya kidato cha nne yalitangazwa wiki iliyopita, ila gari lenye karatasi za matokeo ya shule limezama topeni huko njiani. Fatu ndiye mwanawe pekee. Mama wa watu kila akisikia injini anatoka nje mbio.

Ghafla akili ikawaka. Isaka aliandika kwamba adapta iliungua huku kafe imejaa watu wanaosoma matokeo. Kwa hiyo matokeo yalipita mle ndani! Na kwenye ubao wa modemu ipo chipu ya kumbukumbu, nyeusi, miguu mingi kama tandu. Kumbukumbu kazi yake nini? Kukumbuka!

Nikamwendea Mama Fatu, nikamwamkia, nikamwahidi matokeo kabla ya gari. Kaniambia nikiweza, kibanda ni changu na asisikie tena jina la Lukmani.

Lukmani alisikia, kacheka sana. Nikamweleza taratibu: maji yakipita bombani, bomba linabaki na unyevu. Kajibu kwamba mabomba ya Newala hata maji yakipita yanabaki makavu. Wivu tu.

Jumamosi, 14 Februari

Kazi ya kitaalamu. Modemu nimeiwasha kwa adapta ya redio. Nimelehemu nyaya nyembamba kwenye vishimo vya ubavuni mwa ubao, upande wa pili nikazichomeka kwenye tundu la printa la kompyuta ya Bi Ida, mwenye duka la kuchapa barua. Programu ya kusomea Isaka alikuwa ameiweka kwenye diski iliyokuja na mzigo. Nimeunguza kidole. Nimeunguza pia kitambaa cha meza cha Bi Ida. Kasema nisiguse kingine.

Chipu inasomeka polepole mno. Umeme ukakatika. Tukaanza upya. Ukakatika tena!

Jumapili, 15 Februari

Imesomeka! Nimechapa kurasa nyingi mpaka Bi Ida akaificha karatasi iliyobaki. Kushoto tarakimu na herufi zimepangana, kulia Kiingereza cha vipande vipande. Jina la Fatu sikuliona. Nikatafuta tena. Moyo ukanilipuka: kushoto, wazi kabisa, DADA. Mistari michache chini yake, kulia, FAIL.

Dada gani mwingine kama si Fatu?

Sikutaka kusema. Mama Fatu alikuwa kasimama mlangoni. "Umesoma nini, Alfredi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Kakaa chini palepale, kwenye vumbi. Baadaye nilimsikia Fatu akilia nyuma ya nyumba. Mpaka jioni, godoro lake la bweni lilishapewa jirani, naye kaambiwa ajiandae kwenda kwa bibi yake kulima.

Lakini sayansi ni sayansi.

Jumatatu, 16 Februari

Balaa! Lukmani kaenda kibanda cha simu, kampigia dada yake aliyeko Dar. Dada kaingia kafe, kasoma, kapiga kurudi. Fatu kafaulu! Daraja la pili! Vigelegele mpaka sokoni.

Nikakimbia kutoa pongezi. Mama Fatu kanipokea na mwiko. Kwanza mgongo, halafu kiwiko. Kasema binti yake kalia siku nzima kwa sababu ya tandu wangu, na sasa inambidi aende kwa jirani kuomba arudishiwe godoro alilogawa. Kibanda kakipata Lukmani. Redio yake pia kamkabidhi Lukmani.

Nikampigia simu Isaka kumlaumu. Kasema chipu ile haihifadhi kurasa za watu, ina maagizo ya modemu yenyewe tu. DADA ni namba tu za mashine, huandikwa pia kwa herufi A mpaka F, na FAIL ni neno linalotoka waya ukikatika. Kisha kaniuliza kwa nini sikumpigia tangu mwanzo, angenisomea matokeo akiwa amekaa kitini.

Nilimwambia haelewi maana ya kumbukumbu. Nikakata simu.

Jumanne, 17 Februari

Nimehamishia vifaa barazani kwa Bi Ida. Sharti: nisiingie ndani.

Fatu kapita na ndoo kichwani. Nikainama nikijifanya natafuta skrubu. Kasimama. "Kaka Alfredi, hebu nisomee kwenye modemu kama mbaazi za mama zimeiva." Nikamwomba radhi kwa dhati. Kasema amenisamehe, ila mama bado hajaweka mwiko chini. Kaondoka anacheka mpaka maji yakamwagika.

Mtoto mzuri. Nilijua tu atafaulu.

Jumatano, 18 Februari

Nimezisoma zile kurasa upya, kwa utulivu. Kosa langu nimeliona: nilifanya haraka! Nilikomea katikati.

Maana ukurasa wa mwisho, kushoto, wazi kabisa, pameandikwa BABA. Na kulia kwake: ACCEPT.

Baba yake Anjelina wa Lupaso, binti ninayetaka kumwoa, amenikataa mara mbili. Isaka hamjui mzee huyo. Modemu ingejuaje kama si kweli?

Kesho alfajiri nakwenda Lupaso. Shati jeupe nimeshalifua. Karatasi nakwenda nazo, mzee ajisomee mwenyewe kwamba ameshakubali.