Joto la Bi Maureen

14 Tannery Row,
Keighley, Yorkshire.
Februari.

Kwa Mkuu wa Malalamiko,
Kampuni ya Gesi na Umeme ya Larkfold.

Mheshimiwa,

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeficha jambo moja, na sasa sina budi kulisema. Tangu Krismasi daktari wangu ameacha kunigombeza kuhusu siagi, nami nilifundisha fizikia muda mrefu wa kutosha kuelewa dalili hiyo: siku zangu si nyingi. Jambo lenyewe ni hili: nyumba yangu haina joto lake yenyewe. Joto ninalotumia ni la jirani yangu, Bi Maureen Sugden wa namba kumi na sita, nami hulipata kupitia ukuta ulio kati yetu. Yeye hajui. Yeye ni mteja wenu. Mimi si mteja wenu, na hilo ndilo linaloyafanya malalamiko yangu yawe mazito.

Naomba nieleze yalivyoanza. Nyumba za mtaa huu ni za mawe, zimeshikana bega kwa bega kuteremka mlima, na hakuna mwenye ukuta wake peke yake isipokuwa wa mwisho. Januari moja boila yangu, ule mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, iliharibika, na fundi akasema hawezi kufika kabla ya wiki kwisha. Nikakaa sebuleni na koti langu, nikingoja kuganda. Sikuganda. Nikaweka kiganja ukutani, nikakuta una uvuguvugu kama ubavu wa ng'ombe. Upande wa pili Bi Maureen alikuwa amewasha kila kitu, kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza nywele sebuleni kwake, na wateja wake ni akina mama wazee wasiokubali kuoshwa kichwa kwenye baridi.

Fundi alikuja, akaitengeneza boila. Nilimshukuru, nikamlipa, nikaizima. Nilijiambia kwamba hili ni jaribio la kisayansi. Watoto wa mji huu nimewafundisha mimi kwamba joto hutoka palipo na moto likaenda palipo na baridi, wala halisimami njiani kuuliza ni mali ya nani. Jaribio hilo halijaisha mpaka leo, na matokeo yake, kwa upande wangu, ni mazuri sana. Nilisogeza kiti ukutani, kisha kitanda. Kabati la vitabu nililihamishia ukumbini kwa sababu lilikuwa linazuia joto. Hivyo ndivyo elimu ilivyolipisha joto nyumbani kwangu.

Bili yangu ikapungua hadi watu wakaanza kuniuliza siri. Mtu mwaminifu angejibu: ukuta. Mimi nilijibu: badilisheni kampuni kila mwaka. Jibu hilo lilinipa heshima ambayo fizikia haikuwahi kunipa. Kila vuli maktaba ilinialika kuwafundisha watu namna ya kulinganisha bei, namna ya kusoma mita kabla ya kuhama kampuni, namna ya kutafuta faini iliyofichwa kwenye maandishi madogo, na zile siku kumi na nne ambazo mtu anaweza kughairi bila kuulizwa. Ushauri wenyewe ulikuwa wa kweli, na waliohama waliokoa pesa. Lakini kama ushahidi nilikuwa nabandika bili yangu ubaoni, watu wanaikaribia, wanavua miwani, wanaivaa tena. Bili ilikuwa halali. Tatizo lake ni kwamba ilikuwa nusu tu, na nusu ya pili ilikuwa inalipwa na mwanamke aliyeketi safu ya pili akiandika kila neno nililosema.

Mwanamke huyo alihamia kwenu Oktoba iliyopita, kwa ushauri wangu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmempa kidude. Fundi wenu alipofunga mita mpya alimwachia kisanduku chenye kioo, kinachoonyesha pesa zikipanda kadiri umeme na gesi vinavyotumika. Bi Maureen amekiweka jikoni karibu na birika, naye hukichungulia kama mtu aliyebandika maziwa. Kikipanda, anazima kitu. Kwanza alizima vipasha joto vya ghorofani, kisha vya ukumbini. Mwezi uliopita akazima vya sebuleni, na vya sebuleni, Mheshimiwa, ndivyo vyangu. Sasa nalala na kofia. Nauliza: mlipompelekea mteja kifaa cha kupunguza matumizi, ni nani aliyefikiria maslahi ya wanaomtegemea?

2. Mmewafukuza wateja. Draya za Bi Maureen za kukaushia nywele zilikuwa zinapuliza kuelekea kwangu siku tatu kwa wiki, na pamoja na joto zilikuwa zinaniletea habari. Kupitia ukuta huo nilijua nani amemnunia mkwewe, kwamba kasisi ameanza kuvaa nywele za bandia, na kwamba mimi mwenyewe naonekana nimekonda. Kwa mzee anayeishi peke yake hizo si habari ndogo, hasa ile ya tatu. Sasa wanaondoka mmoja mmoja. Bi Edna Pickles, ambaye amekuwa akitengenezwa nywele hapo tangu akiwa bibi harusi, alisimama wiki iliyopita na kichwa chake kibichi akasema, "Maureen, shoga yangu, nakupenda, lakini nikihema naiona pumzi yangu. Nimekuja kuoshwa, sikuja kuwekwa kwenye friji." Sasa anakwenda saluni ya karibu na stendi ya mabasi, ambako, kwa mujibu wake, wanachoma kichwa lakini angalau wanachoma.

3. Mmevunja haki yangu ya kisheria. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya njia za miguu wilayani, kwa hiyo sisemi kwa kubahatisha. Huku kwetu watu wakipita kwenye shamba la mtu kwa miaka ishirini, bila kutumia nguvu, bila kuomba ruhusa na bila kujificha, njia ile inakuwa yao, na mwenye shamba hawezi tena kuwawekea lango. Mimi nimepitisha joto ukutani kwa zaidi ya muda huo. Nguvu sikutumia. Ruhusa sikuomba. Lililobaki ni hilo la kujificha, na nakiri kwamba hapo kesi yangu ina tundu, ndiyo maana naandika: barua hii ichukuliwe kuwa tangazo la wazi. Najua mwanasheria wenu atasema miaka ishirini inaanza kuhesabiwa leo. Nimemuuliza daktari kama ataweza kunipatia ishirini. Akaniuliza kama nala vizuri.

4. Mmemfanya ajione mbaya. Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote, na kwa sababu mkono wangu hauna haraka ya kulifikia.

Jumapili binti yake, Janine, hupiga simu kutoka Leeds, na Bi Maureen huongea naye kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Jumapili iliyopita Janine alikuwa anamsihi awashe joto, na kutokana na majibu nilielewa kwamba alikuwa anakaribia kulia. Bi Maureen alisema amevaa sweta mbili na anaendelea vizuri. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyasikia, sikio langu likiwa ukutani, mahali lilipozoea kukaa:

"Mwalimu hapa jirani analipa theluthi ya bili yangu, Janine. Nyumba ile ile, mawe yale yale. Na kampuni nimebadilisha kama alivyosema. Basi tatizo si kampuni, ni mimi. Mimi ndiye mfujaji. Baba yako alinambia hivyo kila bili ilipokuja, nami nikambishia mpaka siku anakwenda hospitali. Kumbe alisema kweli."

Kenneth Sugden alifariki miaka sita iliyopita. Nilibeba jeneza lake, pembe ya nyuma kushoto. Nakumbuka nilirudi nyumbani nimepigwa na mvua, nikajikausha kwenye ukuta wake.

Mheshimiwa, kampuni yenye kompyuta nyingi kama yenu ilipaswa kugundua kwamba mwanamke mmoja hawezi kutumia joto la nyumba mbili. Mngegundua, mngemwandikia, naye asingekuwa anakaa gizani na sweta mbili akijiadhibu kwa kosa la mtu mwingine. Lawama ya jambo hili naigawa: sehemu yenu ni ile ya kutogundua, na yangu ni iliyobaki.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kidude chake kirekebishwe kionyeshe nusu ya kinachotumika, kwa kuwa nusu ndiyo yake. Bei yake ishushwe kimyakimya hadi atakapopata moyo wa kuwasha sebule. Na kama hayo hayawezekani kwa sababu za kiufundi, basi naomba barua moja tu, ya karatasi nzuri, yenye nembo yenu juu, iseme hivi: Bi Sugden, tumekagua mita yako, na tunapenda kukujulisha kwamba wewe si mfujaji. Sababu msiitaje.

Mtaniuliza kwa nini nisimwambie mwenyewe, wakati nyumba zetu hazijaachana hata kwa unene wa mkono. Jibu ni kwamba yeye huniita Mwalimu. Hakuna mwingine anayeniita hivyo siku hizi. Daktari huniita Edgar, kama vile tulisoma pamoja. Nimezoea joto lake na nimezoea jina hilo, na siwezi kulipa yote mawili kwa mkupuo.

Nisalimieni fundi aliyefunga mita, alifuta viatu kabla ya kuingia na Bi Maureen alimsifu. Wasalimieni wasoma mita wote waliobaki, kama wapo. Na yule dada wa simu aliyeniacha nikisikiliza kinanda kwa muda mrefu sana kabla ya kuniambia mimi si mteja, mwambieni sina kinyongo naye. Wimbo ulikuwa mzuri na nilikuwa nimekaa.

Ndimi, nikiwa na kofia kichwani na heshima zote,

Edgar Thwaite
Mwalimu mstaafu wa fizikia

Tanbihi: Barua hii niliifunga Jumatatu, lakini sikuituma, na sasa nimelazimika kuifungua tena.

Jumanne asubuhi nilimsikia Bi Maureen akikohoa. Ukuta huu nimeusikiliza kiasi cha kutofautisha birika lake na draya yake, na kikohozi kile hakikuwa cha koo, kilikuwa cha kifua. Nilishuka ngazi kwa makalio, kwa kuwa miguu yangu nayo imestaafu, nikafika kwenye kabati la boila, nikaiwasha. Ilinguruma, ikatoa harufu ya vumbi la miaka, ikakubali. Haikuwa na kasoro yoyote. Nikafungua vipasha joto vyangu vyote vilivyo upande wa ukuta wake, hadi mwisho.

Alhamisi alipiga hodi mlango wa nyuma, ana keki ya tangawizi kwenye sahani na hana koti. Alisema nyumba yake ina joto siku ya pili sasa, wakati amezima karibu kila kitu, na kidude kinaonyesha pesa za kununulia peremende tu. Alisema kampuni niliyomshauri ni ya ajabu. Bi Pickles amekwisha ambiwa na anarudi Jumamosi, na wanawake wengine watano wanataka kuhamia kwenu kabla mwezi haujaisha. "Mwalimu," akasema, "hatimaye na mimi nimejua kubana matumizi."

Kwa hiyo malalamiko yote, la kwanza hadi la mwisho, nayafuta. Kampuni yenu inapata sifa kwa sababu ya boila yangu, nami sina haki ya kulalamika, kwa kuwa najua jinsi sifa ya namna hiyo inavyonoga. Ningeweza kupokea keki nikafunga mlango. Ningekufa naitwa Mwalimu, na wiki moja baada ya mazishi ukuta wake ungepoa, naye angevaa tena sweta mbili na kuanza kujitukana upya.

Nikamwambia. Nilimwambia habari za fundi, na kiti, na kitanda, na bili niliyobandika maktaba. Hakukaa. Aliweka sahani juu ya jiko, akautazama ukuta wangu, mahali palipokuwa na kabati la vitabu.

"Kwa hiyo sikuwa mfujaji?"

"Hukuwa, Bi Maureen. Hata siku moja."

"Kenneth alikufa akiamini hivyo."

Alivuta kiti akakaa, mbali na ukuta. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya viazi, kati ya kampuni zote nilizokuwa nikihamia mwaka hadi mwaka, ipi ilikuwa nafuu kuliko nyingine.

Nilimwambia ukweli, nanyi nawaambia. Sijawahi kubadilisha kampuni hata mara moja.