Malalamiko juu ya Majirani wa Uvimbe

Mlingotini, Bagamoyo
14 Machi 1974

Kwa Mzee Mwinshehe Alawi,
Balozi wa Nyumba Kumi

Ndugu Balozi,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua kuuma. Ni mimi Salumu, fundi cherehani, nyumba ya saba. Arobaini ya mke wangu Mwaija ilisomwa juzi, kwa hiyo naona sasa naweza kuleta malalamiko bila kuvuruga matanga.

Mwaija alikufa kwa saratani ya titi. Nilidhani uvimbe ule ulifanya kazi peke yake. Daktari akaniambia hapana, peke yake ungekuwa dhaifu. Nyama nzima, zisizo na ugonjwa, zilizouzunguka ndizo zilizousaidia. Nilimwomba arudie, nikaandika. Kwa kuwa wewe ndiye unayepaswa kujua mgeni gani amelala wapi, nawashitaki majirani hao:

1. Mgeni aliingia bila barua. Walikaa naye ukuta kwa ukuta, na hakuna aliyetoa taarifa.

2. Walimlisha. Daktari anasema nyama hutoa vichocheo vya kukuza, vilevile vinavyofunga kidonda. Mwaija alipojikata na mbuzi ya nazi, vilimponya kwa siku nne. Basi hawawezi kusema hawakujua wanachokigawa.

3. Walimchimbia njia. Mishipa mipya ya damu ilimfikia hadi mlangoni. Sisi tunaomba kalavati tangu mwaka wa Uhuru.

4. Alipotanuka walisogea, bila kunung'unika. Mwaija alikuwa mwembamba, nafasi yenyewe haikuwapo.

5. Askari wa mwili walipokuja kumkamata, wengine walikaribishwa, wakakaa, wakawa walinzi wake. Hatimaye alisindikizwa mpaka kwapani, na kutoka hapo mapafuni, kama bwana harusi.

Naomba uwaite barazani. Najua wamezikwa pamoja naye, lakini shauri la jirani yetu Rajabu ulilisikiliza naye amekwisha kuhamia Mkange. Ikishindikana, kila mkazi wa nyumba zetu kumi achague balozi katika nyama zake mwenyewe, akuletee taarifa kila Jumamosi.

Nisalimie Mama Sihaba, na umwambie sufuria yake ya msibani ninayo, nimeisugua. Wasalimie watoto, na jirani yako Ashatu, na wote wa barazani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Salumu Mosi

Nyongeza: Nilikwisha kutia sahihi nikakumbuka jambo. Mwaka juzi, kabla ya Ramadhani, Mwaija aliniletea gauni lake la maua ya buluu, akasema linambana kushoto, chini ya kwapa. Nikafumua mshono, nikaachia inchi moja. Baada ya Idi akalirudisha, nikaachia nusu nyingine. Mshono ulitoka vizuri, huwezi kuuona. Sikumuuliza kitu. Nilidhani ananenepa, nikafurahi.

Kwa hiyo usimwite mtu, Mzee wangu. Barua hii ichane. Ila Ijumaa mkisoma dua, naomba umkumbuke Mwaija, na mimi baada yake.