Ufunguo Uliokatwa Vipande Vitatu

Asubuhi hiyo habari iliingia kijiwe cha Bweri kwa pikipiki ya Keraryo, bodaboda wanayemwita Kamongo, kama yule samaki wa matope, kwa sababu hata ziwa likauke, yeye ataishi tu.

"Mugango kumewaka!" akasema kabla hajashuka. "Wamama sitini na ndoo zao wamekimbilia mwaloni. Meseji iliwaambia leo dagaa za bure. Wamefika, ziwa likawatazama tu."

Masatu, Injinia wa kijiwe, akapaliwa na kahawa. Meseji za dagaa zilitoka kwenye mfumo wake wa kompyuta, na wamama wale waliuamini kuliko redio.

"Mfumo wangu haujawahi kudanganya!"

"Basi leo umejifunza," akasema Shemasi, fundi viatu, bila kuinua macho kwenye soli.

"Kuna mtu ana ufunguo wangu wa API. Zile herufi nyingi. Mwenye nazo anatuma meseji kwa jina langu. Lakini atazipataje? Si nilizikata vipande vitatu?"

Kweli alizikata. Alikuwa ameiga sanduku la kikoba, lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Akaandika makaratasi matatu, akayagawa palepale kijiweni, kwa kiapo.

"Kamongo, chako kiko wapi?"

Kamongo akageuza pikipiki. Madigadi ya nyuma iling'aa kwa herufi nyekundu. "Karatasi ingelowa, Injinia. Halafu abiria wanadhani ni timu ya Ulaya."

"Dafroza?"

Muuza kahawa akaonyesha ukuta kwa kidevu. Chaki, herufi kubwa. "Wateja walikuwaga wananisumbua na pasiwedi ya waifai. Nikawapa hiyo. Haikubali, lakini wanakunywa huku wakijaribu."

"Shemasi, niokoe."

"Mimi niliweka status, nisisahau."

"Haya, huyo mwizi alijuaje vinaungana?"

"Si wewe uliandika juu, 'API ya Dagaa, kipande cha pili kati ya vitatu'? Nilinakili vyote. Kazi ya mtu haipunguzwi."

Pikipiki nyingine ikasimama, akashuka Getruda, mwenyekiti wa wauza dagaa wa Mugango, ndoo tupu mkononi.

"Injinia ni nani?"

Vidole vitatu vikamwelekea Masatu kwa mpigo mmoja.

"Shangazi, dakika mbili tu!" Akafungua kompyuta. "Naufuta ufunguo huu. Tayari! Mwizi abaki na herufi zake. Natengeneza mpya, unaonekana mara moja tu, nauficha ndani ya seva. Siuandiki popote, simpi mtu."

"Na sisi?" Kamongo akaruka. "Ukweni wananijua kama mshika funguo!"

"Umestaafu."

Getruda akainama kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba ananusa samaki. "Hata hawa watatu hawaujui?"

"Hata hawa."

"Ni wewe peke yako?"

"Peke yangu, Shangazi!" Masatu akavimba kifua.

"Vizuri. Asubuhi tulibishana sana tumtose nani ziwani. Meseji ikidanganya tena, hatutabishana."

Akapanda pikipiki iliyomleta, akaondoka.

Masatu akageuka taratibu, uso umelainika. "Ndugu zangu, kuhusu ule utaratibu wa vipande..."

Kamongo alishawasha pikipiki. Shemasi alikuwa anakunja turubai lake. Na Dafroza, ambaye hufungaga saa saba mchana, alikuwa anazima jiko saa tatu asubuhi.