Fahali Wawili wa Daktari Davis

Aibu ni mtaji, ila inahitaji mtu wa kuigundua. Davis aliigundua siku ya mnada, akila mihogo ya kukaanga mbele ya zahanati ya kijiji kimoja nje ya Mhunze. Kahama alikuwa ameikimbia baada ya kuwauzia watu viwanja vilivyokuwa katikati ya bwawa. Vijana watatu walifika mlangoni, wakachungulia, wakageuka mbio.

"Wanaogopa sindano?" akamuuliza muuza mihogo.

"Wanaogopa mama zao. Benchi ni moja. Ukimwambia nesi unaumwa wapi, benchi zima linasikia, jioni shangazi anakuuliza kama umepona."

Saa sita Davis alikuwa kwa Mzee Jilala, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa na nyumba tupu ya vyumba viwili pale sokoni. Koti jeupe alikuwa nalo; mtu makini hasafiri bila koti jeupe.

"Shikamoo mzee. Wafadhili wetu wanatafuta nyumba, vijana watibiwe kwa siri. Mwenye nyumba atapewa tenda ya chakula cha semina, miaka mitatu."

"Semina ziko nyingi?"

"Mzee, hawa watu hawafanyi kitu kingine."

Jilala akameza mate. Davis, kwa uso wa mtu anayeleta habari za msiba, akaongeza masharti: rangi, kitanda, pazia, na fahali wawili wa kupelekwa Kahama "kupimwa ubora wa nyama." Jilala akakubali, ila fahali angewakabidhi Jumamosi, siku ya uzinduzi, watu waone.

Kosa la Davis lilikuwa kukaa mle ndani ili pafanane na kituo. Vijana wakaanza kuja kweli. Alijua kusema "aha" na "pole sana", na ajabu ni kwamba wengi walitaka kuanzia hapo hapo. Siku ya tatu akaja Vumilia, binti wa miaka kumi na saba.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumbo la chini linaniuma, mwezi wa pili huu. Tangu jana nina homa. Zahanati siendi, anayeandikisha wagonjwa ni baba mdogo."

Mkobani Davis alikuwa na peremende za kifua tu. Aliwahi kuwauzia watu maji akiyaita ardhi, na hakupepesa jicho. Lakini binti huyu alikuwa anatetemeka. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda mwenyewe kumwita nesi Philomena.

Philomena alikaa na Vumilia muda mrefu, akampima, akampa dawa na siku ya kurudi. Kisha akamgeukia Davis.

"Wewe si daktari."

"Sista, ngoja nikueleze..."

"Nyamaza. Miaka sita naomba chumba cha faragha, naambiwa bajeti haijaruhusu. Wewe umekipata chini ya wiki! Jumamosi mfanye Jilala asaini kuikabidhi nyumba hii kwa zahanati, mbele ya mkutano. Halafu chukua fahali wako upotee."

Jumamosi Davis alihutubia mpaka bibi wawili wakajifuta machozi. Akamnong'oneza Jilala kwamba bila saini hakuna tenda. Jilala akasaini. Ngoma zikalia, naye Davis akanyata kwenda nyuma ya nyumba kuchukua mali yake.

Akakuta kamba mbili, na mchinjaji anaosha visu.

"Daktari Davis," Philomena alikuwa anatangaza kwenye kipaza sauti, "ametoa fahali wake wote wawili, vijana wale washibe!"

"Wabeja, Daktari! Wabeja!" wakashukuru watu wote.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hawa hawakupigana kabisa, na aliyeumia ni Davis.

Jilala alipoulizia tenda, Philomena alimjibu kwa heshima zote: "Mzee, chakula chenyewe si ndicho hiki? Umeanza vizuri." Mwenyekiti wa kijiji akampa jina la Mfadhili mbele ya watu, naye Jilala akaona si vyema kubishana na cheo.

Davis aliletewa sahani ya maini. Philomena akaketi kando yake.

"Sista, tulipatana."

"Na wewe ulisema ni daktari."

Mbele yao Vumilia, homa imemtoka, alikuwa anawavuta rafiki zake wawili kuelekea mlango wa nyuma. Davis akawatazama mpaka mlango ukafungwa.

"Kijiji cha pili," Philomena akasema polepole, "kuna tajiri wa pamba ana ghala tupu."

Davis akaacha kutafuna. "Mchoyo?"

"Kupindukia."

Davis akafuta mafuta mikononi, akauliza bodaboda za kwenda huko zinapandiwa wapi.