Mfalme Vorlan na Muuza Nyama Ndani ya Pipa

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi! Kamati ya kikundi chetu cha maigizo imeikubali tamthilia yangu kwa tamasha la kiangazi. Kura nne kwa tatu. Hao watatu nimewaandika majina.

Wazo ni langu peke yangu. Nimechukua ile filamu ya mfalme wa angani, ambayo mji mzima wa Wexcombe umeiona na kuirudia, nikaiandika upya kwa mtindo wa tamthilia zetu za kale: mizimu, majambia, na mtu anayejisemea peke yake huku wenzake wakijifanya hawasikii. Vyombo vya angani vimo. Mizani kumi kila mstari. Mimi ni mkaguzi wa mizani wa halmashauri. Iwe ya dukani, iwe ya shairi, hakuna inayonipita.

Kero moja tu. Bi Hargreave, mwenyekiti wetu, mwanamke anayelia hata akiona tangazo la sabuni, alitaka Mfalme Vorlan achezwe na Barnaby Stott, eti kwa sababu ana sauti. Stott! Muuza nyama! Mwaka jana nilikagua mizani ya bucha lake mara tano. Mara zote tano ilikuwa sawa. Hilo lenyewe linatia shaka.

Nikasema mfalme nitakuwa mimi, mwandishi. Stott nikampa roboti: anaingia ndani ya pipa la takataka, hana neno hata moja ila "piip". Nikamwambia nafasi hiyo inahitaji msanii hasa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Bwege.

Jumatano, 5 Juni

Dada yangu Enid, ninayeishi naye tangu wazazi wetu wafariki, ndiye anayetengeneza mavazi. Nilimwagiza matundu ya macho yawe madogo, na ya pua yasiwepo kabisa.

Akauliza, "Sasa kaka, huyu mtu atapumua vipi?"

Nikamweleza kwamba wasanii wa kale waliteseka. Akajibu kwamba wa kale hawakutiwa kwenye mapipa, kisha akachukua keekee akatoboa matundu kumi na manane. Kumi na manane! Halafu ikabidi Stott aje nyumbani kupimwa. Alikaa saa tatu. Pipa ni la duara. Kuna nini cha kupima saa tatu?

Kaleta soseji. Nimekula nne, kwa ukaguzi tu.

Jumapili, 9 Juni

Mazoezi. Aibu tupu.

Nilikuwa katikati ya kumlaani mpwa wangu msaliti. "Ewe mpwa, nyota zakuona, giza la anga lakulaani!" Sauti imepanda, mkono uko juu. Stott akaligeuza pipa taratibu, akanitazama, akasema, "Piip." Basi. Watu wakafa kwa kicheko. Na roboti alipokufa katika tendo la nne, Bi Hargreave alilia mpaka miwani ikamdondoka. Alisema ile piip ya mwisho imebeba huzuni ya ulimwengu. Huzuni ya ulimwengu! Mtu kajikunyata ndani ya pipa!

Nimekifuta kifo cha roboti. Mahali pake nimetia mistari mia moja na kumi na miwili ya mfalme akijisemea juu ya upweke wa madaraka. Enid aliisikiliza jikoni mpaka mstari wa ishirini, akakumbuka ana shughuli. Shughuli yenyewe ilikuwa Stott, kasimama mlangoni na mbavu za kondoo.

Alhamisi, 13 Juni

Hatua ya siri. Niliipelekea kamati barua isiyo na jina. Nikajiita "Mpenda Sanaa". Nikasema roboti yule ni tusi kwa tamthilia za kale, aondolewe upesi.

Bi Hargreave aliisoma kwa sauti mbele ya wote. Kufika mstari wa tatu, kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Barua ilikuwa na mizani kumi kila mstari. Mkono umezoea, nifanyeje?

"Lionel, jamani," akasema Bi Hargreave. "Na utu uzima wote huo!"

Stott akasema huenda aliyeandika ana uchungu wake, tumwache. Ananihurumia! Nani kamwomba?

Jumamosi, 15 Juni

Leo ndiyo leo. Ukumbi wa kanisa umejaa. Tendo la kwanza, safi. La pili, safi, ingawa watu walimpigia makofi roboti kwa kuingia tu.

Tendo la nne. Hotuba yangu. Nimesimama mbele, roboti nyuma yangu, nimemwamuru asitikisike. Mstari wa arobaini ukatoka. Wa arobaini na moja ukakataa. Nikatazama dari. Hapakuwa na kitu darini. Mtu akakohoa.

Ndipo pipa likajisogeza mpaka ubavuni mwangu. "Piip," likasema kwa nguvu. Halafu kwa chini, kwenye matundu ya Enid: "'Na taji ni baridi usiku.' Endelea, kaka, uko vizuri."

Alikuwa amekariri tamthilia nzima! Enid alimfundisha, jikoni kwangu, mezani pangu! Damu ikanipanda. Nikamsukuma.

Pipa lilidondoka. Likabingirika ngazi zote tatu mpaka miguuni kwa mchungaji. Ukumbi wote ukanizomea. Enid akatoka nyuma ya pazia mbio, sindano zikiwa bado mdomoni, akazitema, akamvuta Stott nje ya pipa akiwa na uvimbe kwenye paji la uso, akambusu mbele ya watu wote.

Walisimama wakapiga makofi. Walidhani ndio mwisho. Nilikuwa na mistari sabini na mbili bado.

Jumatatu, 17 Juni

Enid anaolewa na Stott mwezi wa nane. Watakaa juu ya bucha. Aliniambia tukinywa chai, sauti ya chini.

"Alikunong'onezea ili usiaibike, kaka. Wewe ukamsukuma."

Nikamuuliza nani atanipigia pasi mashati. Nilitaka kusema jambo jingine, kwamba nyumba hii ina vyumba vinne na mimi ni mmoja. Halikutoka. Halikuwa na mizani.

Gazeti la mji limemsifu roboti aya tatu. Kuhusu mimi limesema, "Mfalme pia alikuwepo." Wajinga. Kwani nani alimwandika huyo roboti? Na ule msukumo, ukiutazama kisanaa, ndio uliowaletea mwisho mzuri. Hakuna aliyenishukuru.

Jumatano, 19 Juni

Enid amesahau yote. Amekuja kuniomba niseme maneno kwenye harusi, kwa kuwa ndugu yake ni mimi tu. Akanishika bega. Machache tu, kaka, akasema, ya kawaida, kama watu wanavyosema.

Nimeanza asubuhi hii hii. Mistari mia tatu na hamsini, na mzimu mmoja. Bwana harusi anakufa kwenye mstari wa tisa.