Programu Yangu ya Kuchora Umeme Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema hapa ofisini Ruiru! Programu yetu ya zamani ya kuchorea imekufa. Madam Rachael, mwenye kampuni yetu ya michoro ya umeme, ametuambia mimi na mchoraji mwenzangu Nafuna kila mmoja apendekeze mpya, ya kuchora umeme mkubwa. Atakayeshinda atakuwa mkuu wa michoro na atapewa kile chumba chenye mlango. Mlango! Jioni nikampigia mama mkwe kule Witeithie, nikamwambia cheo nimeshapata. Kutangulia kidogo kuna ubaya gani?

Jumanne, 4 Machi

Nafuna amechagua programu ya kuchosha. Mistari myeusi, alama za swichi, basi. Anasema eti ukiunganisha waya vibaya inakuonya. Nani anataka kuonywa na kompyuta? Yangu nimeitoa mtandaoni, ya majaribio, bure kabisa. Ukibonyeza transfoma, inanguruma! Madam akauliza kama inaweza kuchora kituo cha kilovolti sitini na sita. Nikamwambia hata mia. Sijui. Lakini ngurumo aliisikia.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Programu yangu haihifadhi wala haichapishi mpaka ulipe. Nafuna alicheka hadi akamwaga chai. Akaniambia, "Githae, si nikuchoree tu na yangu?" Wacha wee!

Njia nimepata. Kiwanda kimoja cha Thika kinataka mchoro wa umeme wake upakwe ukutani, kwenye chumba cha swichi, mafundi wajue cha kuzima na cha kuacha. Ijumaa Madam atalinganisha michoro yetu huko huko. Sasa, wangu ukiwa umeshakauka ukutani, nani atauliza wa Nafuna? Nikapiga kioo cha kompyuta picha kwa simu, nikamtumia Muli, fundi wa rangi. Nikamsisitizia: huu ni umeme mkubwa, usiache hata nukta.

Alhamisi, 6 Machi

Muli anasema amemaliza, na kazi ni safi. Mama mkwe amepiga: cheo changu kimetangazwa kwenye maombi ya akina mama. Wanataka kuja kukibariki chumba. Nimeanza kuangalia mapazia.

Ijumaa, 7 Machi

Ngai, Mungu wangu! Muli hakuacha nukta.

Kishale cha mausi amekipaka, kikubwa kama jembe. Saa ya kompyuta amepaka. Betri, asilimia tisa, amepaka. Kitufe chekundu cha BUY NOW, kile cha kunitaka nilipe, amekipaka, na kivuli chake. Na ndani ya transfoma kubwa, mimi! Uso wangu ulionekana kwenye kioo nikipiga picha. Simu mkononi, mdomo wazi.

Fundi mmoja wa kiwanda akauliza kishale ni swichi ya nini. Meneja wao, Bwana Kaleli, akauliza kwa upole huyo mtu ni nani na anazimwaje. Nikamgeukia Muli. Akasema, "Si ni wewe uliniambia nisiache kitu?" Madam akamwomba Nafuna mchoro wake. Angenigombeza ningepona. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwasha.

Nafuna akafungua bahasha, akatoa mchoro wake. Mistari myeusi, alama za swichi. Mafundi wote wakaitikia kwa vichwa, hata Muli, msaliti. Nafuna ndiye mkuu wa michoro. Mlango ni wake. Mimi nimeamriwa kuufuta ukuta kwa mikono yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda Thika nikipaka rangi nyeupe. Betri imefutika haraka. Uso wangu ni mkaidi, nimeupaka mara tatu na bado unachungulia. Mama mkwe alipopiga kuuliza habari za chumba, nikamwambia kinapakwa rangi. Si uongo.

Nimekaa nikatafakari kwa unyenyekevu, na kosa nimeliona. Ni dirisha la ofisini. Bila mwanga wake, uso wangu usingeonekana kwenye kioo cha kompyuta. Bahati nzuri kuna kinu cha Juja kinachotaka mchoro kama huo, na Nafuna hajasikia. Nimeshapakua programu nyingine ya majaribio. Hii transfoma yake inanguruma na kuimba. Jumatatu nitaipiga picha nikiwa nimejifunika blanketi.