Akili Mnemba ya Kinu cha Bosi Sembe

Ngrrrrr! Kabla hujaliona bati la Bosi Sembe, unakisikia kinu chake. Ukishakisikia ujue umefika kijiweni kwetu, maana benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda chake, na kila kikombe cha kahawa ya Getruda kinatetemeka mkononi mwa mnywaji.

Asubuhi hiyo upepo wa Sumbawanga ulikuwa unatafuna masikio. Raymond, tunayemwita Data tangu arudi kutoka masomoni na kompyuta mgongoni, alisimama kama msoma somo kanisani, akatusomea habari kutoka kwenye simu.

"'Kinu cha Sumbawanga chafungiwa akili mnemba. Chatambua hitilafu kabla ya fundi. Usahihi asilimia tisini na tisa.' Mmesikia, washamba?"

Bosi Sembe, jina la ubatizo Zenon, akavuta sweta lake na kutabasamu kana kwamba amezaliwa upya.

"Hiyo tisini na tisa mmeipataje?" akadakia Zephania. Huyu tunamwita Kisiki, kwa sababu akishakaa benchini hang'oki. "Mwezi mzima hicho kidude kimesema nini?"

"Kimesema salama. Kila dakika, salama. Na kweli ilikuwa salama," Data akajibu.

"Mshikaji, kazi hiyo hata mimi naiweza! Niulize kila Jumapili kama nitakwenda misa. Nitajibu hapana. Mwaka mzima nimepatia, nimekosea Pasaka tu. Mbona mimi siandikwi kwenye habari?"

"Na paroko anaitaka Pasaka hiyohiyo," Getruda akasema huku akimimina kahawa. "Data, mume wangu ndiye anayeingiza mkono kinuni kila kinapokwama. Mimi nataka kuijua hiyo siku moja mbaya. Hizo nyingine kaa nazo."

"Ndiyo kazi yenyewe, shemeji! Hitilafu ni adimu. Kinu kinasaga maelfu ya saa, kinagoma mara chache mno. Nimekifungia vidude vya kuhisi mtetemo na joto. Nikachukua na migomo yote ya nyuma, nikaifundisha kompyuta: mgomo huu sababu yake hii, ule sababu yake ile."

"Sababu ulizitoa wapi?" nikauliza.

"Kwa Bosi mwenyewe. Matangazo yake kwenye kundi la wateja."

Bosi Sembe akakohoa. Kisiki akasogea mbele, mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Matangazo yalisemaje?"

"Umeme umekatika."

"Yote?"

"Yote."

Benchi likalipuka kwa kicheko.

"Hata siku ile beringi iliporuka ikatoboa bati?"

"Hata siku mahindi ya yule mama wa Ilemba yalipokuja na jiwe ndani?"

"Nyie hamjui biashara!" Bosi akafoka. "Ukisema mashine mbovu, kina mama wanabeba ndoo, hao, kwenye kinu cha Lazaro. Ukisema umeme, wanakaa, wanawalaani watu wa umeme, wanasubiri. Lazaro naye anasema hivyohivyo! Kuanzia Matai hadi Muze, nionyesheni kinu kilichowahi kuharibika. Hakuna! Ni umeme tu."

"Kwa hiyo, Data," nikasema, "umesoma miaka yote hiyo uje kuifundisha kompyuta uongo wa Bosi Sembe? Uongo tunao bure hapa, tena haujawahi kuhitaji chaji."

"Mimi sihoji data," Raymond akanuna. "Napokea kama ilivyo na..."

Ngrrr... krrk. Tuk.

Vikombe vikaacha kutetemeka. Simu ya Data ikalia, ya Bosi ikalia, na nyuma ya ukuta tukasikia ya Valerian, mume wa Getruda, ikilia pia. Data akasoma huku akirukaruka.

"'Umeme umekatika. Uhakika asilimia tisini na tisa. Mwendeshaji anaweza kufungua kinu.' Mnaona? Mnaona, wenye midomo?"

Sote tulikuwa tumegeukia kibanda cha jirani, ambako mashine ya kinyozi ilikuwa inaendelea, zzzzz, juu ya kichwa cha mteja.

Birika la Getruda likaanguka.

"Vali! Toa mkono! Umeme upo! Toa mkono!"

Tulimfuata mbio, hata Kisiki. Valerian alikuwa amepiga goti, mfuniko wa kinu pembeni, mkono umezama hadi kiwikoni akitafuta kilichokwama. Aliposikia sauti ya mkewe akauvuta. Papo hapo swichi iliyokuwa imejikata kwa joto ikajirudisha yenyewe. Ngrrrrr! Kinu kikanyakua mkono wa koti, kikautafuna wote.

Kisiki akaruka akazima swichi kuu. Tukabaki kuhema.

"Data," akasema, "kazi ya kidude chako ilikuwa siku moja tu, hii. Kimeikosa, kikamwambia na mtu afungue. Na jioni bado utatangaza tisini na tisa, si ndiyo?"

Data alivitazama vidole vya Valerian, vyote vitano. Tangu arudi hatukuwahi kumwona akikosa asilimia ya kutupa.

Nje, kina mama waliokuwa kwenye foleni wakachungulia na ndoo zao.

"Bosi, kuna nini? Tusubiri?"

"Umeme ume..." Bosi Sembe akaanza, kwa mazoea. Getruda akamgeukia. Alikuwa ameukumbatia mkono wa mumewe, uchi hadi begani.

"Mashine mbovu," Bosi akanong'ona, kama mtu aliye kwenye kitubio.

Ndoo zikapanda vichwani, safari kwa Lazaro.

"Sijasikia," Getruda akasema. "Rudia, kinyozi naye asikie."

Bosi Sembe akavua kofia yake ya sufu.

"Mashine mbovu!" akapaza sauti, foleni nzima ikageuka huko barabarani. "Nami nakuahidi, Getruda, mbele ya hawa wote: kikiharibika nitasema kimeharibika, hata wateja wote waishie kwa Lazaro. Na siku nitakayosema tena ni umeme, mkono wa kwanza kuingia humo kinuni utakuwa huu wangu."